Jack the Ripper, figo, na mia mbili ya Katoro

Najua nimepotea, wiki ya tatu hii sijaandika kitu, na wawili wenu mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo. Zilikuja test mfululizo, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki diary. Sasa limeingia, nimekula chipsi mayai, nina nguvu za kusimulia.

Ijumaa usiku rumu yetu iligeuka sinema. Rumu meti wangu alikuja na flashi ya kuazima, ndani yake muvi kama thelathini, nyingi za zamani. Tukapiga kura. Ikashinda From Hell, ya mwaka 2001, kwa sababu moja tu: yumo Johnny Depp, na watu walijua ni mambo ya maharamia. Tulikuwa saba juu ya vitanda viwili, laptop imekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Sio maharamia. Ni London ya mwaka 1888, enzi ya Malkia Victoria, yule yule ambaye Speke alibandika jina lake kwenye ziwa letu miaka 30 nyuma yake. Mwaka huo huo, Pangani kule, Abushiri alikuwa anaanza kupambana na Wajerumani. Kwao sasa, mtaa wa Whitechapel, kuna mtu anachinja wanawake usiku. Wanawake masikini, wanaojiuza wapate senti za kulipia kitanda. Hesabu inayokubaliwa na wengi ni watano, kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba. Muuaji hakukamatwa. Jina la Jack the Ripper lenyewe lilitoka kwenye barua iliyotumwa kwa shirika la habari.

Depp ni Inspekta Abberline, anavuta kasumba na kuona mauaji ndotoni. Kwa macho muvi ni nzuri, siwezi kukataa. Ukungu, mawe ya barabarani yameloa, magari ya farasi yanatokea gizani mpaka jamaa wa kitanda cha juu akashuka kukaa chini na sisi. Ila wale wanawake mh! Wote wamependeza, meno meupe kama wametoka saluni. Wanne kati ya wale watano wa kweli walikuwa wameshapita miaka 40, maisha yamewachakaza, ndoa zimevunjika, pombe. Mary Kelly peke yake ndiye alikuwa kijana, na kwenye muvi wakampa Heather Graham, halafu wakamwokoa! Anatoroka, anauawa mwingine badala yake. Mary Kelly wa kweli hakutoroka kokote, aliuawa kitandani kwake.

Mwishoni Abberline anakufa kwa kasumba. Rumu nzima ikalipuka: stelingi hafi! Jamaa mmoja wa Tabora akadai flashi ina virusi, muvi imekatwa. Ukweli nimeusoma baadaye, Abberline halisi alistaafu salama, akafa mwaka 1929 akiwa na miaka 86. Kwa hiyo jamaa wa Tabora alikuwa sahihi, stelingi hakufa mapema.

Lakini sijakaa kuandika kwa ajili ya hayo. Kuna kitu kilinishika katikati ya muvi na mpaka leo Jumanne hakijaniachia.

Kule Whitechapel wakazi waliunda kamati ya ulinzi, mwenyekiti wao fundi ujenzi anaitwa George Lusk. Nikasema kimoyomoyo, hawa sungusungu! Sungusungu si walianzia kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 80 kukabili wezi wa ng'ombe. Basi Oktoba 1888 huyo Lusk alipokea kiboksi kwa posta. Ndani nusu ya figo, na barua ambayo kichwani imeandikwa "Kutoka jehanamu". Ndo jina la muvi lilipotoka. Wenzangu wote wakawa wanabishana muuaji nani. Daktari? Askari? Mwana wa mfalme? Mimi nikajikuta nauliza kwa sauti: viungo vingine anavipeleka wapi? Anamuuzia nani?

Wakaniangalia. Rumu meti akasema, "We Msukuma una mambo, nani kakwambia anauza?"

Hakuna aliyeniambia. Mi nimekulia Katoro, Geita.

Kwa msiopajua, Katoro ni mji uliofura kwa dhahabu na biashara. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, lakini sisi watoto mgodi mkubwa tuliuona kama ukuta na taa tu. Maisha yetu yalikuwa kwa wachimbaji wadogo: maduara, makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa, zebaki kwenye beseni. Na kwenye duara, mtu anaweza kuchimba mwaka mzima akatoka na madeni, mwenzake wa hatua kumi akatoka na gari. Ukimuuliza kwa nini, hatakutajia mwamba. Atakwambia yule ana dawa.

Hapo ndipo waganga walipopatia soko. Kwa miaka ile ya 2000, kuanzia 2006, 2007 hivi, kanda yetu ya Ziwa ikaingia kwenye redio za dunia nzima: watu wenye ualbino wanauawa, wanakatwa viungo, eti vinaleta bahati machimboni na kwenye nyavu za wavuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi, na mwezi huo huo akalia bungeni akizungumzia mauaji hayo. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliketi Kahama ikawahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14 wilayani Bukombe, ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga, sasa ni Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Watatu wale ni wa mapanga. Aliyetaka kununua hakusimama pale.

Sasa sikilizeni hili, nililikuta nikisoma usiku ule ule wenzangu wamelala. Uchunguzi wa kifo cha Annie Chapman, yule wa pili wa Whitechapel, uliendeshwa na afisa anaitwa Wynne Baxter. Siku ya kufunga, Septemba 1888, alisema mbele ya watu kwamba kuna Mmarekani aliwahi kwenda kwenye jumba la makumbusho la matabibu akitaka kiungo kile kile alichotolewa marehemu, na akaahidi paundi 20 kwa kila kimoja. Yaani Baxter aliona biashara. Jarida la madaktari wa Uingereza likaipinga habari hiyo, na wanaoifuatilia kesi leo wengi hawaishiki. Kwenye muvi haimo kabisa. Lakini mimi niliposoma "paundi 20 kwa kila kimoja" nilizima simu nikakaa gizani.

Muvi yenyewe inamalizia kwa vigogo. Muuaji ni daktari wa Malkia, anasafisha kashfa ya mjukuu wa Malkia aliyezaa na mwanamke wa mtaani, na wakubwa wanamfichia. Wanahistoria wanasema ni uzushi mtupu, na nawaamini. Rumu nzima ilicheka. Mimi peke yangu nilikubali moja kwa moja, bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Katoro kila mtu mzima anakwambia, wanaonunua ni wakubwa, wenye magari, watu wa kutoka mbali, na mwaka wa uchaguzi ndo wanazidi. Labda ni kweli. Maana wanunuzi waliofikishwa mahakamani wanahesabika, na mchimbaji wa kawaida hana pesa ya aina hiyo.

Ila nimegundua hiyo hadithi ya kigogo ni tamu pia kwa sababu nyingine. Inatutoa sisi. London walisema muuaji lazima ni mgeni, wakamkamata Myahudi mmoja mshona viatu, wakamwachia baadaye baada ya kuonekana hana hatia. Kwetu wakasema ni watu waliokuja na machimbo. Lakini kigogo wa Dar hajui mtoto gani wa Katoro analala chumba gani. Lazima awepo mtu wa kumwambia. Mei 2024, aliposhambuliwa na kuuawa mtoto wa miaka miwili kule Muleba, Kagera, walioshtakiwa ni tisa, na mmoja wao ni baba yake mzazi. Ni mashtaka, sihukumu mtu. Lakini nilipoyasikia sikushangaa kama mlivyoshangaa nyie.

Na sikushangaa kwa sababu hii.

Mwaka 2015 nilikuwa darasa la tano. Dawati moja nilikaa na rafiki yangu mwenye ualbino, jina nalihifadhi. Macho yake hayakuona ubaoni, kwa hiyo mi nilikuwa namsomea kwa kunong'ona naye anaandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mwalimu alimpanga mbele, yeye akaomba arudi dawati langu. Mtaani walikuwa wanamwita zeruzeru, na wengine, watu wazima na ndevu zao, akipita wanasema "dili hilo". Wanacheka. Nasi watoto tulikuwa tunacheka kwa sababu wakubwa wamecheka.

Januari hiyo, Jumamosi, nilikuwa nje ya banda la video. Kiingilio mia mbili na sina. Ndani naitamani sauti ya mtafsiri, wale wa mtindo wa Lufufu, anawasemea wahusika wote Kiswahili, kuanzia jambazi mpaka mbwa. Akaja mwanaume, buti zina tope, si wa mtaani kwetu. Akaniambia, "Dogo, yule mwenzako mweupe unayetembeaga naye, anapitaga njia ipi akitoka shule?"

Nikamjibu. Ndivyo ilivyokuwa, sikufikiria hata sekunde. Nikamwambia anapitaga kwenye makarasha, halafu kwa mama wa maandazi, halafu nyumba ya bati jekundu. Hata la bati jekundu, ambalo hakuuliza. Akanipa mia mbili, nikaingia. Ilikuwa ya Jet Li.

Sijui yule alikuwa nani. Labda alikuwa ndugu yao. Labda alikuwa fundi anatafuta nyumba. Hakutokea kitu chochote, nataka mlielewe hilo, hakuna aliyeguswa. Lakini Februari ikaja habari ya Chato, mkoa wetu huo huo wa Geita: mtoto mchanga wa mwaka mmoja kanyang'anywa mikononi mwa mama yake, wakamkuta porini amekufa, viungo hakuna. Mama yake alikatwa mapanga akimtetea. Kabla Machi haijaisha dawati langu lilikuwa na mtu mmoja. Walimpeleka Buhangija, Shinyanga mjini, ile shule iliyopokea watoto wenye ualbino kutoka wilaya nyingi ili wawe salama. Salama maana yake mbali na mama yake, mbali na sisi.

Bibi yangu alikuwa anakaa Shinyanga. Kila likizo ya Desemba nilikuwa naenda kwake, na Buhangija ni daladala moja tu. Miaka minne nilienda Shinyanga. Sikupanda hiyo daladala. Nilimwambia bibi nitaenda kesho, kesho nacheza mpira, keshokutwa nauli imeisha. Bibi alikuwa na macho mekundu ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, miaka yote anapikia hicho, na vikongwe wa macho kama yale nao Usukumani waliuawa kwa ramli chonganishi, wakiitwa wachawi. Nadhani alijua zaidi ya alivyosema. Siku moja aliniambia, "Mjukuu wangu, mtu hajifichi bure." Nikajifanya sijasikia.

Ndo maana Ijumaa, wakati wenzangu wanasubiri kuonyeshwa sura ya mwenye kisu, mi nilikuwa namtafuta mtu mwingine. Whitechapel ilikuwa imejaa watu mchana na usiku, vichochoro vinapitana. Wapo waliopita wakaona kitu. Yupo labda mtoto aliyeulizwa, yule mama Kelly anakaa chumba kipi, akaonyesha kwa kidole. Hakuna muvi ya huyo. Na pengine haingeuza, maana hana kofia ndefu wala joho.

Mwaka jana rafiki yangu alinipata kupitia grupu la WhatsApp la shule ya msingi. Yuko chuo, mkoa mwingine, anasomea ualimu. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa, "We ndo ulikuwa macho yangu bwana!" na vicheko vitano. Nilichelewa siku mbili kumjibu.

Jumamosi nikamwandikia kwamba nimeona muvi ya Jack the Ripper. Akauliza, stelingi anakufa? Nikamwambia anakufa. Akasema basi haangalii.

La mia mbili sijamwambia. Link ya blogu hii anayo, nilimtumia mwenyewe, na huwa anasoma kila nikiandika, hata yale ya chipsi mayai.

Haya, kesho saa mbili asubuhi nina test ya takwimu. Ngoja nibonyeze kutuma kabla sijafuta.