Dampa ya Usukani na Gololi za Shingo

Kaka yangu anafanya kazi Muscat, na kwa miaka kadhaa sasa mapenzi yake kwa familia yamekuwa yakija kwa vifurushi. Mama alipata mashine ya kupimia presha. Mdogo wetu wa mwisho alipata kompyuta. Mimi, aliposikia kwamba nimenunua pikipiki ya kwendea kwenye utafiti wangu wa shahada ya umahiri, niliambiwa nisubiri dampa ya usukani.

Nilimwuliza ni kitu gani, akanitumia picha. Ni kisilinda chembamba, kirefu kuzidi kiganja kidogo, ncha moja imefungwa kwenye fremu ya pikipiki na nyingine kwenye shokapu za mbele. Alisema vijana anaowaona huko wakitoka na pikipiki kubwa siku za Ijumaa wanavyo wote. "Mdogo wangu," alisema kwenye ujumbe wa sauti, "wewe ndiyo kwanza unajifunza. Kama wazoefu wanakihitaji, wewe unakihitaji mara mbili."

Hoja hiyo ukiisikia haraka utaikubali. Lakini mwaka wa pili wa umahiri humharibu mtu, hawezi kupokea hata zawadi bila kuuliza ushahidi uko wapi. Nikaanza kuuliza.

Pikipiki yenyewe ni Boxer ya cc 150, ya mtumba, iliyonigharimu shilingi 1,500,000 nilizodunduliza kwa kufundisha tuisheni. Utafiti wangu unahusu wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Matumbulu, na baadhi ya vijiji vya upande wa Mvumi. Daladala zinafika Mpunguzi, maana ni barabara ya lami ya Iringa. Tabu inaanza ukishashuka. Mashamba yako mbali na barabara, njia ni za vumbi, makorongo yamejaa mchanga, na mzee uliyeahidiana naye saa tatu anaweza kukwambia kwa upole kwamba leo ana msiba, urudi kesho. Kukodi bodaboda kila siku kungemaliza posho yangu kabla sijamaliza dodoso.

Sasa tuje kwenye dampa. Ndani yake mna mafuta na pistoni, na mafuta hayo yana tundu dogo tu la kupitia. Ukigeuza usukani polepole, yanapita bila neno. Ukigeuka ghafla, yanagoma. Ni kama kutembea ndani ya maji ya bwawa la Hombolo: ukienda taratibu maji yanakupisha, ukijaribu kukimbia yanakushika mapaja. Kwa hiyo dampa haimzuii dereva kukata kona. Inazuia usukani usiruke wenyewe huku na huku kwa kasi.

Na usukani huweza kweli kuruka wenyewe. Gurudumu la mbele la pikipiki limepangwa liguse ardhi nyuma kidogo ya mahali ambapo mstari wa shingo ungegusa, kama kigurudumu cha kitoroli cha dukani kinavyoburutwa nyuma ya mhimili wake. Mpangilio huo ndio unaolifanya gurudumu lipende kunyooka. Likisukumwa pembeni, hurudi. Lakini mambo yakiwa si sawa, hurudi likapitiliza, kisha hurudi tena upande wa pili likapitiliza, mara nne hadi kumi kwa sekunde. Mtetemo huo ukikua, usukani unapiga kushoto na kulia hadi mikono inaachia.

Pikipiki kubwa za mbio ziko karibu zaidi na hatari hiyo. Shingo zake zimesimama wima zaidi ili zigeuke upesi, na injini zake zina nguvu ya kulifanya gurudumu la mbele liwe jepesi au liinuke kabisa kila dereva anapovuta mafuta. Mwaka 1997 Suzuki walitoa TL1000S, na baada ya malalamiko ya usukani kupiga wakaifungia dampa. Mwaka 2004 Honda waliweka kwenye CBR1000RR dampa ya umeme, inayolegea mwendo ukiwa mdogo na kukaza mwendo ukiwa mkubwa. Waendeshaji wa mbio za jangwani nao huzitumia, maana kwao mchanga na mawe hulipiga gurudumu la mbele kutwa nzima. Kwa hiyo kaka hakuwa amedanganywa. Kifaa kina kazi, na kazi yake inajulikana.

Boxer yangu ina nguvu za farasi kama 12. Hata nikivuta mafuta hadi mwisho, gurudumu la mbele halinyanyuki. Ningeweza kuishia hapo na kumwandikia kaka jibu fupi lenye heshima. Kilichonizuia ni binamu yetu.

Mwaka 2021 binamu alikuwa anatoka upande wa Bahi kuja mjini na magunia matatu ya mkaa nyuma. Alipoongeza mwendo ili alipite lori, usukani ulianza kucheza, akaanguka. Lori lilikuwa limeshampita lilipokuwa linampita, kama anavyosema mwenyewe kwa utani wake mbaya, ndiyo maana yupo. Paja lilivunjika. Alilala miezi minne, na hadi leo mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake. Pikipiki ile alinunuliwa na kaka, ili ajiajiri. Nyumbani hakuna aliyewahi kumlaumu kaka, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba halaumiwi.

Nilikwenda kwa binamu na ile picha. Sasa anauza vocha na kuchaji simu karibu na nyumbani kwao Kizota. Aliiangalia muda mrefu.

"Binamu, usukani ulianzaje siku ile?" nikamwuliza.

"Kidogo kidogo, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Nikaukaza. Kadiri nilivyokaza ndivyo ulivyozidi. Nikashika breki ya mbele, basi."

"Na kabla ya siku hiyo?"

"Ilikuwa inagonga. Kila nikishika breki, ko, ko. Nilimwambia fundi, akakaza nati ya juu, akasema twende kazi."

Alinirudishia simu. Akasema kaka hajawahi kumwuliza swali hilo hata siku moja.

Kutoka Kizota nilipitia kwa fundi wangu Nkuhungu. Alipoona picha alicheka. "Dada, hii si ni shokapu ya stelingi ya Land Cruiser? Imekonda tu." Akanieleza kwamba magari yale ya ekseli nzima ya mbele yana kifaa kama hicho chini, cha kuzuia stelingi isipige kwenye njia mbovu. Kisha akaniambia jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari la utafiti, ingawa halihusu zabibu: mwenye Land Cruiser iliyochakaa viungo vya mbele akifunga shokapu mpya ya stelingi, mtetemo hupungua, naye hufurahi na kuondoka. Viungo vinaendelea kuchakaa. Siku inapokuja kurudi, imekuja ikiwa imevutwa.

Hapo akaisimamisha Boxer yangu kwa stendi kubwa, akamwita kijana wake akalie nyuma ili gurudumu la mbele lielee. Akausukuma usukani kwa kidole kimoja. Ulipofika katikati ulisita, kama droo yenye kitu ndani. "Umesikia? Hapa pana shimo." Akachuchumaa, akashika miguu ya shokapu za mbele kwa mikono miwili, akavuta kwake na kusukuma. Ikagonga. Ko.

Ndani ya shingo ya pikipiki mna vikombe viwili, cha juu na cha chini, na kati yake gololi za chuma zinazoufanya usukani uzunguke. Grisi ikikauka na vumbi likiingia, na Dodoma vumbi haliombi ruhusa, gololi huchimba vikombe. Usukani hupata mahali pa kusita na nafasi ya kucheza. Gurudumu la mbele likitaka kutetemeka, limeshapata pa kuanzia. Kubadilisha gololi na vikombe, pamoja na grisi na ufundi, nililipa shilingi 15,000. Ilichukua muda wa kunywa soda mbili.

Tangu siku hiyo jibu langu limekuwa na sehemu mbili. Kwanza, dampa ingenificha. Ningeifunga juu ya gololi zilizochimbika, usukani ungetulia, nami ningekwenda Matumbulu nikijiona salama. Pili, anayejifunza anahitaji usukani unaosema naye. Pikipiki ikienda polepole, kwenye foleni ya Majengo au kwenye njia ya mashambani, haianguki kwa sababu mikono ya dereva inaurekebisha usukani kidogo kidogo kila wakati, kuelekea upande inakotaka kulalia. Dampa iliyokazwa hufanya marekebisho hayo yawe mazito. Anayeumia zaidi hapo ni yule ambaye mikono yake haijazoea.

Na upepo? Kila mtu anayeijua Dodoma ataniuliza, maana miezi ya kiangazi upepo unavuma kama umetumwa, na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanakupita yakikuachia wimbi la hewa. Lakini upepo huo unaisukuma pikipiki nzima na mtu wake, si usukani peke yake. Dawa yake, na dawa ya mtetemo pia, fundi alinipa bure: bana tangi kwa magoti, legeza viwiko, shika usukani kama unavyoshika mkono wa mtoto. Ukianza kutetemeka, usiukabe wala usishike breki ghafla. Achia mafuta taratibu, usogeze uzito mbele kidogo, uache gurudumu lijirudie. Mchanga wa korongoni una somo lake: mwendo mdogo usiokatika, macho mbali, na kuvumilia gurudumu la mbele lichezecheze bila kugombana nalo.

Sitasema dampa isingemsaidia binamu hata kidogo siku ile. Kuupunguza mtetemo wa aina ile ndiyo kazi yake hasa, na huenda ingempa sekunde mbili tatu. Ila nikihesabu yaliyomwangusha, naona magunia matatu nyuma ya ekseli yaliyofanya mbele kuwe kwepesi, gololi zilizokuwa zikigonga wiki nzima, nati iliyokazwa badala ya kikombe kubadilishwa, mwendo wa kulipita lori, na breki. Na naona sababu ya magunia kuwa matatu: mawili yangelipa mafuta tu. Hakuna kisilinda cha kufungwa kwenye hilo.

Nilimpigia kaka Ijumaa, siku yake ya kupumzika. Nilimweleza gololi, Land Cruiser, mchanga, yote. Nikamwambia, "Kaka, nashukuru, lakini sikihitaji."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Hata yeye niliambiwa hahitaji kitu. Niliuliza, helmeti je? Wakasema tutanunua huku."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mjadala wa pikipiki, na huo haukuwa mjadala wa pikipiki. Sikumwambia kwamba hakosi usingizi bure, wala sikumwambia alale. Nilimwambia binamu amesema hujawahi kumwuliza ilikuwaje. Akasema aliogopa jibu. Nikampa namba mpya ya binamu.

Walizungumza. Sijui walizungumza nini kwa urefu wake, na nimejizuia kuuliza, ingawa kuuliza ndiyo fani yangu. Ninachojua ni kwamba wiki tatu baadaye kifurushi kilifika. Ndani mlikuwa na helmeti mbili, moja ya saizi yangu na moja kubwa ya saizi ya binamu, ambaye hajapanda pikipiki tangu 2021, na jozi ya glavu. Kwenye simu zikaingia fedha zenye maelezo mafupi: tairi la mbele.

Kwa mtu yeyote anayeanza na pikipiki ndogo kwenye barabara zetu na akauliza swali la kaka, jibu langu ni hapana, huihitaji dampa. Anayeanza moja kwa moja na ya cc 1000 ana swali jingine la kujiuliza kwanza. Wewe wa cc 125 au 150, mwambie fundi aelee gurudumu la mbele akuonyeshe kama usukani unasita katikati. Pima upepo wa matairi. Gusa spoki zote. Uliza mzigo umekaa wapi na una uzito gani. Vaa helmeti ufunge na mkanda wake, hata kama unakwenda dukani tu.

Mimi sasa nina mkaguzi wangu. Kila Jumapili jioni, kabla ya wiki ya vijijini, napita Kizota. Binamu anatoka kwenye kibanda chake akichechemea, ananitania kwamba digrii zote hizi bado nashindwa kulainisha cheni, kisha anachuchumaa mbele ya gurudumu, anashika zile shokapu kwa mikono miwili, anavuta na kusukuma, akiwa ameinamisha kichwa asikilize.