Nyumba Ndogo ya Mume Wangu Ilikuwa Sarafu

Mume akianza kutoka nje kupokea simu saa nne usiku, akabadilisha namba ya siri, akawa anachekacheka na kioo cha simu kama kijana aliyepata mchumba, unafikiria nini? Usinidanganye. Unafikiria nyumba ndogo. Mashoga zangu ofisini nao walifikiria hivyohivyo. Mmoja alinishauri nimfumanie, mwingine akasema nikae kimya, maana mwanaume akichoka huko nje hurudi mwenyewe.

Mimi nilihisi kuna kitu, na kweli kitu kilikuwepo. Ila hakikuvaa hereni wala hakikunukia manukato. Ilikuwa ni sarafu ya mtandaoni, na iliondoka na shilingi milioni 9 na laki 6 za kuezekea nyumba yetu.

Nimekaa na habari hii zaidi ya mwaka. Naiandika sasa kwa ruhusa ya mwenyewe, aliyesoma kila mstari na kuniomba nibadilishe kitu kimoja tu. Nitakuambia huko mbele.

Boma la Rusimbi

Sisi ni wanandoa wa safari. Tulioana 2019. Mimi niko Dar kwenye uhariri, mwenzangu anafundisha hesabu sekondari Kigoma. Tunaonana likizo, sikukuu na kwenye simu. Mama yangu alitupa kiwanja Rusimbi, mtaa niliokulia, tukaanza kujenga mdogomdogo kama Watanzania wengi: leo tofali, mwezi ujao saruji, mwaka ukiisha unamwita fundi. Kufikia mwisho wa 2023 boma lilikuwa limefika kwenye linta. Zilibaki mbao za kenchi na bati.

Pesa ya kumalizia ilikuwa ya watu watatu. Mimi niliweka milioni 5, mwenzangu milioni 2 na laki 6, na mama milioni 2. Hizo za mama naomba uzikumbuke. Mama anauza dagaa. Anawachukua Kibirizi, anawaanika, anawasafirisha. Biashara yenyewe inakwenda na mwezi wa angani, kwa sababu dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na mfuko wa mama nao unapumzika. Milioni 2 kwake si salio la akaunti. Ni miaka ya kuamka alfajiri.

Mauzo ya awali

Aliyemwingiza mjini mume wangu si mtu baki. Ni rafiki yake wa chuo, aliyesimama naye kwenye harusi yetu. Machi 2024 alimtumia ujumbe: kuna sarafu mpya inakuja, bado haijaingia sokoni, inauzwa kwa watu wachache kwa bei ya awamu ya kwanza. Awamu ya pili ikifika bei inapanda mara mbili. Ya tatu, mara nne. Ikiingia sokoni mwezi Julai, anga ndiyo mpaka.

Mwenzangu si mjinga, na naomba hilo lieleweke. Alipewa andiko la kurasa arobaini lenye michoro na picha za wataalamu. Aliwekwa kwenye kundi la watu mia kadhaa, wanasalimiana asubuhi, wanaombeana dua, wanapeana pole za misiba. Alijaribu kwanza na laki 3. Baada ya wiki mbili akaruhusiwa kutoa laki moja na themanini kama "bonasi". Akaiona kwenye simu yake, akaenda kwa wakala, akaishika mkononi. Hapo ndipo mtego ulipofungwa. Yaani shilingi laki moja na themanini ndiyo iliyonunua milioni 9 na laki 6.

Baada ya hapo ilikuwa ni kuingiza tu. Unatuma shilingi kwa mtu, anakupa dola za kidijitali, nazo unazipeleka kwenye anwani ndefu ya herufi na tarakimu. Kwenye kioo salio likawa linapanda kila siku. Alipokuja Dar kwa Pasaka ndipo nilipoona zile simu za usiku. Kwa hesabu za kioo, tayari alikuwa na milioni 31.

Julai ilipofika, sarafu haikuingia sokoni. Wakaambiwa serikali ya Tanzania imeanza kutoza kodi ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali, hivyo kila mmoja alipe kodi yake kwanza ndipo afunguliwe salio. Ujanja ulikuwa hapo: kodi hiyo ni ya kweli, iliingizwa na Sheria ya Fedha ya 2024. Lakini ni kodi ya zuio, inayokatwa kwenye malipo yenyewe. Hakuna inapoandikwa umtumie mgeni wa kwenye simu hela nyingine ili akurudishie yako. Baadhi walilipa. Siku chache baadaye kundi likafungwa, tovuti ikazimika, na yule rafiki naye akawa analia kwamba amelizwa. Mpaka leo sijui kama machozi yake yalikuwa ya kweli.

Si sisi wa kwanza

Mhariri akipata msiba, anasoma. Nikasoma.

Kutengeneza tokeni ni kazi ya saa chache na gharama ndogo sana. Kwenye blokucheni, ambayo ni daftari la pamoja linaloweza kukaguliwa na yeyote, unaandika jina, unaandika idadi, umemaliza. Thamani inatoka kwa mnunuzi wa baadaye. Kama mnunuzi huyo hayupo, salio lako ni namba tu kwenye kioo ambacho mwenye tovuti anakichora anavyotaka.

Wengine hata hilo daftari hawakuwa nalo. OneCoin ilianzishwa 2014 na Ruja Ignatova, mwanamke mwenye asili ya Bulgaria, ikauzwa dunia nzima mpaka kwa jirani zetu Uganda, na haikuwa na blokucheni ya kweli. Waendesha mashtaka wa Marekani wanasema ilikusanya zaidi ya dola bilioni 4. Mama mwenyewe alitoweka Oktoba 2017, na mwaka 2022 FBI ikamweka kwenye orodha ya watu kumi inaowasaka zaidi. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alifungwa miaka 20 mwaka 2023. Hapohapo Uganda, Desemba 2019 kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi ghafla, watu wakakuta milango imefungwa. Kenya, mwaka 2019, mamlaka ya masoko ya mitaji iliwaonya wananchi juu ya mauzo ya awali ya KeniCoin. Kampuni ikakimbilia Mahakama Kuu kuizuia mamlaka hiyo, ikagonga mwamba.

Na kwetu? Wakubwa wanaikumbuka DECI ya 2009, ya kupanda mbegu na kuvuna, iliyopita mpaka makanisani. Viongozi wake walitiwa hatiani 2013. Februari 2025 ikawa zamu ya LBL, ambako watu waliweka hela ili walipwe kwa kutazama matangazo kwenye simu. Polisi wakakamata watu mikoa kadhaa. Jina hubadilika, mbegu inakuwa tangazo, tangazo linakuwa sarafu. Kinacholipa wa mwanzo ni hela ya wa mwisho.

Matapeli wanajua pia kutumia ukweli. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali hapa nchini. Juni 2021, Rais Samia akiwa Mwanza aliitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko hayo. Kwenye kundi la mume wangu tangazo la kwanza halikutajwa kabisa, ila hotuba ya Mwanza ilisambazwa kila wiki kama leseni. Kujiandaa si kuruhusu, na kutozwa kodi si kupewa kibali.

Laki tano za mama

Kilichofichua siri si upelelezi wangu. Ni samaki. Mwaka 2024, nchi zinazozunguka Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusitisha uvuvi, na kwetu ziwa likafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kwa mama hiyo ni miezi mitatu bila mzigo. Juni akamwomba mkwewe laki tano katika zile zake, ajikimu. Akajibiwa hela iko kwa muuza bati. Julai akaomba tena, akapewa jibu lilelile. Mama ni mfanyabiashara. Akaenda mwenyewe kwa muuza bati.

Halafu akanipigia mimi. "Mwanangu, bati zenu hazijulikani huku."

Niliomba ruhusa kazini wiki ya Nanenane nikaenda. Mwenzangu alinipokea stendi, hakusema kitu njia nzima. Tulipofika Rusimbi alinipeleka kwenye boma, majani yakiwa yameota sebuleni, akakaa juu ya tofali. Akasema, "Mama watoto, hakuna mwanamke. Ingekuwa afadhali angekuwepo." Akanieleza yote, akasoma na tarehe kwenye daftari. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika kila shilingi.

Nilimuuliza swali moja: kwa nini hukuniambia? Na hiki ndicho alichoniomba nikibadilishe, kisha akasema kiache tu. Alijibu, "Kila nikifungua lile daftari naona wewe milioni tano, mimi mbili na nusu. Nilitaka siku moja namba zigeuke."

Sikumjibu. Sina jibu mpaka leo. Mshahara wangu sikuuficha wala sikumringia, lakini kumbe ulikuwa unakaa kitandani katikati yetu kila likizo.

Mkwe na mama mkwe

Nilikataa kumsemea. Alikwenda mwenyewe kwa mama jioni ile, akatoa shikamoo, akakaa mkekani, akaeleza. Nilikuwa jikoni nasikia. Mama alikaa kimya mpaka nikadhani ameondoka. Kisha akasema: "Mkwe wangu, mimi dagaa wangu wakinyeshewa naanika tena, lakini wale walioliwa na kunguru huwa siwahesabu. Wewe si kunguru. Utanilipa." Wakapatana laki moja kila mwezi. Hakukuwa na kilio, hakukuwa na kukumbatiana. Nadhani heshima aliyompa kwa kumdai ilikuwa kubwa kuliko msamaha.

Polisi tulikwenda, tukafungua jalada, tukakabidhi picha za mazungumzo, risiti za miamala na zile anwani ndefu. Hatujarudishiwa kitu. Wiki iliyofuata akajitokeza "mtaalamu" wa kurejesha sarafu zilizoibwa, anataka laki 3 za kuanzia. Ogopa sana hao. Orodha ya waliolizwa nayo ni bidhaa, inauzwa.

Kwa wenzangu wawili wawili

Sitakupa dawa kumi za ndoa yenye furaha. Ninayo mambo machache tuliyoyafanya na ambayo bado yanasimama.

Hela ya pamoja sasa haitoki bila sauti mbili. Si ujumbe, ni sauti, tuongee. Pili, hela ya mzazi haichanganywi na yetu. Ina akaunti yake. Tatu, tuna kikao Jumapili ya mwisho wa mwezi, nusu saa, kila mtu anasema alichopata, alichotumia na kinachomtisha. Hicho cha mwisho ndicho kigumu. Na biashara yoyote inayokuhimiza ufanye haraka na umfiche mwenzio, imeshakuambia ni ya namna gani.

Je, nimemsamehe? Siku nyingi, ndiyo. Kuna siku nyingine nikiona bati jipya kwa jirani, moyo unakaza nakaa kimya mpaka upite, naye anajua, ananiacha. Hatujaachana na hatuigizi.

Deni la mama linakwenda vizuri. Mwezi uliopita alipokea laki yake, akaihesabu mbele ya mkwewe, akampa fungu la dagaa apeleke kwake. Bati tumeanza upya, za vyumba viwili kwanza. Na kwenye daftari jipya mwenzangu hakuandika tena majina yetu juu ya namba. Ameandika jumla tu.