Dobi wa Barabara ya 12

Mjukuu wangu ana miaka 14 na darasani hana shida, lakini juzi aliniuliza, "Bibi, dobi ni nani?" Tulikuwa tumesimama tukiitazama mashine ya kufulia ya mama yake, ikinguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini, nami nikasema kwamba dobi wetu hakuwahi kumnyima mtu usingizi. Hakunielewa, wala sikumlaumu. Katika Ngamiani ya leo, hapa Tanga, atamwona wapi dobi?

Wa kwetu alikuwa Barabara ya 12, katika chumba kimoja cha mbele, mlango wazi tangu alfajiri. Watoto tulimwita Mzee Dobi, na sijui kama baba alimwita vinginevyo. Mimi ndiye niliyetumwa kwake na suruali za kaki za baba, aliyekuwa karani wa reli, pamoja na kanzu zake za Ijumaa, zote zimefungwa ndani ya shuka. Hujafika mlangoni umeshamnusa: moshi wa vifuu, uji wa wanga wa muhogo, na ule mvuke wa pamba mbichi inapoguswa na chuma cha moto. Nimeishi miji mingine, nimepita mbele ya maduka mengi ya kufulia, na harufu ile sijaipata tena.

Mkaa wake ulikuwa wa vifuu vya nazi. Alisema unatoa moto mkali na majivu machache, na adui wa kanzu ni majivu. Pasi yake ilikuwa ile nzito yenye jogoo kwenye kifuniko. Kabla haijagusa nguo aliipeleka nje, akaipepea, kisha akaisugua tumbo lake juu ya jani la mgomba mpaka iteleze. Kanzu ilinyunyiziwa maji, ikakunjwa, ikaachwa unyevu uenee sawasawa, ndipo ikanyooshwa, mikono kwanza, kifua mwisho. Kila nyumba ilikuwa na alama yake ya uzi pindoni. Yetu ilikuwa nyekundu. Daftari sikumwona nalo hata siku moja, na nguo ya mtu haikupotea.

Alijua pia hali ya nguo zetu kuliko sisi wenyewe. Aliniagiza nimwambie mama kwamba kola ya shati la baba imeanza kulika, aigeuze kabla haijatoboka. Mama aliigeuza, na shati likaishi miaka mingine. Leo nani anaitazama nguo hivyo? Inatupwa ndani, inabonyezwa kitufe, inatoka na tundu, inatupwa jaani.

Na maji. Mji wetu umekalia mawe ya chokaa, ndiyo maana pale Amboni kuna mapango. Maji ya kisima yanatoka na chokaa hiyo, na kwetu karibu na bahari yana chumvi pia. Sabuni ya mche ukiisugua humo haitoi povu, inaganda utando mweupe unaong'ang'ania kwenye pindo. Mzee Dobi alikinga maji ya mvua kwenye mapipa kwa ajili ya nguo nyeupe, akaacha ya kisima kwa kaki na shuka za rangi. Wakati wa masika alikuwa mtu wa furaha. Kiangazi aliwaambia watu wazi kwamba kanzu zao zitangoja.

Ilipokuja Foma mambo yaligeuka, kwa sababu sabuni ya unga ya aina ile inatoa povu hata kwenye maji magumu. Na ilitengenezwa hapa hapa Tanga! Tuliinunua kwa fahari. Mama, aliyekuwa akipeleka shuka kwa dobi, akaanza kuziloweka mwenyewe uani, na nyumba nyingi zikafanya hivyo. Nadhani hapo ndipo riziki ya mzee ilipoanza kupungua, ingawa yeye hakulalamika.

Kisha ikaja ile miaka ya uhaba na foleni. Sabuni ikawa habari ya kunong'onezana, watu wakafulia majani ya mpapai. Mzee Dobi alikataa kuyatumia kwenye kanzu, alisema yanaacha kijani. Mwishowe alifunga mlango kabisa. Dada yangu anashikilia kuwa ilikuwa 1983, binamu yetu anasema mzee alikuwepo bado wakati wa arusi yake, yaani 1986. Nimetafuta picha ya arusi, kanzu ya bwana harusi imenyooka kweli, lakini hiyo si ushahidi. Basi tuache.

Baada yake ni mitumba, poda za pakiti, na mashine. Chumba chake sasa ni kibanda cha kutuma pesa kwa simu.

Mashine ya binti yangu ilitoka Maskati, ikiwa imeshatumika. Inafua vizuri, ila ikifika kwenye kukamua inapiga kelele ya mawe. Nyumba zetu zimebanana. Anayefua saa tano usiku anamwamsha mgonjwa wa jirani, na kila anayenunua mashine anaona hilo halimhusu. Nilimwambia binti yangu afue mchana, na kabla ya yote aende kwa jirani akaombe radhi. Akaenda.

Mjukuu alitaka kujua kelele inatoka wapi, na hapo nilifurahi. Tuliweka pimamaji juu yake: miguu sawa. Tulitazama nyuma: zile boliti za kuzuia pipa lisicheze safarini zilishatolewa. Tulifua nguo ndogo ndogo tu, kwani blanketi moja peke yake huelemea upande mmoja na kuitikisa mashine nzima. Kelele ile ile. Mwisho tukachomoa waya na kulizungusha pipa kwa mkono. Lilikwaruza. Ni beringi. Mpira unaozuia maji ukichakaa, maji hupenya nyuma ya pipa na kula chuma, na haya yetu ya chumvi yanakula upesi.

Fundi alikuja, akathibitisha. Beringi zenyewe zinapatikana na si ghali. Tatizo ni kwamba pipa la nje, la plastiki, limeunganishwa kiwandani kwa joto na halina hata skrubu moja ya kulifungua. Aliyeliunda aliamua kwamba chuma cha ndani kikiharibika tutupe kitu kizima. Hilo linaniuma. Pasi ya Mzee Dobi ilikuwa ya baba yake, na iliharibika kishikio tu, akachonga kingine cha mti.

Fundi alisema iko njia: kulikata pipa kwa msumeno kwenye maungio, kubadilisha beringi na mpira wake, kisha kulirudisha kwa gundi na boliti kulizunguka lote. Ni kazi ya siku mbili na hatoi ahadi. Tukamwambia akate, na mjukuu akae naye atazame.