Wewe na Mzee Wako

Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Jirani yangu hapa Diani, mzee Mmarekani aliyestaafu, alikuwa ananunua samaki bila kuuliza bei. Kufikia Juni dola ilikuwa kama 130, na pensheni yake ni ileile. Nyanya hazikushuka. Tuktuk haikushuka. Akaanza kuuliza bei, na kila akiuliza anatajiwa bei ya mzungu.

Basi akaniomba niwe namnunulia. Nikasema poa. Mimi ni wa Nairobi, Kiswahili changu cha bara kinawachekesha watu wa hapa, lakini bei napewa ya mwenyeji. Ananitumia pesa kwa M-Pesa, mimi nabeba kikapu.

Wiki ya tatu mama karanga, yule anayetukaangia samaki pale njiani, akanitazama. "Mwanangu, samaki wote hawa unakula peke yako?"

Nikadanganya nina wageni. Akacheka, akafunga changu kwenye gazeti. Wa mia mbili akawa wa mia mbili na hamsini.

"Mama, hata mimi?"

"Wewe na mzee wako si mnakula sahani moja?"

Sikuwa na jibu. Ana mtoto kidato cha pili, na mafuta anayokaangia hayajaambiwa dola imeshuka. Nililipa.

Jioni mzee akauliza mbona samaki amepanda. Nikamwambia ni kusi, bahari imechafuka. Upepo kweli ulikuwa unavuma.