Wazimu Usiopiga Kelele

Kila mji mdogo una kichaa wake, na kila mtu mjini humjua. Ana mahali pake pa kukaa sokoni, ana jina alilopewa na watoto, na ana mama ntilie ambaye humwekea ukoko wa wali. Makelele yake ni mengi lakini siri yake ni moja tu, nayo imekwisha kuwa wazi: anaumwa. Mtu huyu anastahili huruma na tiba. Wazimu wa kuogopwa ni ule usiopiga kelele. Huo huvaa kanzu safi, husalimia wazee kwa adabu, huchangia misiba, na usiku hurudi nyumbani kumtoa mwenzake akili kidogo kidogo, kama mtu atekaye maji mtungini kwa kikombe.

Mimi ni mkazi wa Kibaha, na asili ya baba yangu ni Kisarawe. Miji hii ya Mkoa wa Pwani haina sifa ya mikasa. Kibaha iko kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Wengi huijua kwa kituo cha Maili Moja, au kwa shule na hospitali zilizotokana na mradi wa nchi za kaskazini ya Ulaya, uliofunguliwa mwaka 1963 na kukabidhiwa Serikali yetu mwaka 1970. Kisarawe imekaa vilimani, nyuma ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kati ya mikorosho na mihogo ya Wazaramo. Msafiri apitaye husema hapa hapana jambo. Utulivu wa kisima hausemi lolote juu ya kina chake.

Katika ujana wangu tulilipa fedha kidogo tukaketi juu ya magogo katika vibanda vya video, tukatazama filamu za kigeni kwa sauti ya Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, aliyefasiri maneno ya wachezaji na kuongeza yake. Tulipenda bunduki na ngumi. Filamu za hila za nafsi hatukuzipenda, kwa kuwa ndani yake hapana apigwaye. Nilizijua ukubwani, katika kazi ya kufundisha fasihi, na sasa naziona kuwa za kutisha kuliko zote.

Mashuhuri katika hizo ni Gaslight. Ilitokana na tamthilia ya Patrick Hamilton ya mwaka 1938, ikafanywa filamu Uingereza mwaka 1940, na tena Marekani mwaka 1944 chini ya George Cukor. Katika hii ya pili, Ingrid Bergman ni mke na Charles Boyer ni mume. Mume huficha vitu, kisha humlaumu mke kwa kuvipoteza. Usiku hutoka kama aendaye kazini, akazunguka na kuingia darini mwa nyumba ile ile, kutafuta vito vya shangazi wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe alimwua. Awashapo taa ya gesi huko juu, taa za chini hufifia. Mke huona, lakini hana wa kumwambia kwamba ameona kweli. Hapo ndipo ilipo hila. Mume yule huiba ushahidi kabla ya kuiba mali, maana mtu asiyeamini macho yake hawezi kumshtaki mwizi hata akimshika mkono.

Mwaka 1943 Alfred Hitchcock alitoa Shadow of a Doubt. Mjomba mpole anashuka garimoshi katika mji mdogo wa Santa Rosa, California, na mji mzima unampenda. Binti wa dada yake peke yake anatambua kwamba mjomba huua wajane matajiri. Mwishowe mjomba anakufa, na mji unamzika kwa heshima na sifa. Binti anasimama nje ya kanisa na ukweli wake moyoni. Naijua maiti ya namna hiyo, na wewe msomaji huenda umepata kuizika moja.

Nasi tuna filamu yetu. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilitoka mwaka 2001. Amandina Lihamba, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni Samehe, mwanamke aliyekaa miaka mingi bila kusema neno katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari aliyetoka Marekani anataka kumponya, lakini mizimu inamjia mgonjwa kabla ya dawa. Neno letu wazimu lina udugu na mizimu. Wazee wetu waliona kwamba akili ikitoka, kuna kitu kimeingia. Filamu za hila zinaongeza swali dogo juu ya hekima hiyo: je, kilichoingia ni mzimu, au ni mtu mwenye ufunguo wa mlango?

Swali hili lilipata jibu katika ukoo wetu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alifiwa na mumewe akaachiwa ekari sita za mikorosho katika kijiji kimoja cha Kisarawe. Ardhi ya huko ilikuwa imeanza kupanda bei, maana watu wa Dar es Salaam walitoka kutafuta viwanja. Ndugu mmoja wa marehemu akajitwika kazi ya kumtunza. Kila Ijumaa alimletea sukari. Ufunguo wa sanduku ukapotea, ukaonekana ndani ya pipa la unga. Mbuzi akauzwa, na shangazi akaambiwa ni yeye aliyeagiza. "Shemeji," ndugu yule alisema mbele ya wageni, kwa sauti ya huruma, "umri huo. Umesahau tena." Wageni walitikisa kichwa, wakamsifu kwa uvumilivu.

Shangazi akaanza kufunga fundo katika uzi kila alipouweka ufunguo mahali pake. Mafundo yalisema ameuweka, nao ufunguo haukuwapo. Akaacha kuyaamini mafundo. Siku moja aliniambia kwa simu, "Baba, nadhani mimi nimekwisha." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba ruhusa.

Aliyemwokoa ni jirani, mwanamke muuza mihogo. Nilikuwapo siku aliposema, "Bibi, hata mimi nilimwona akiutoa ufunguo." Alikuwa amenyamaza tangu mavuno ya korosho, kwa sababu mwanamume yule aliheshimiwa. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akalia. Tulikuta hati ya mauzo imekwisha andikwa, imebaki alama ya dole gumba. Daktari alimpima akamkuta ana akili zake. Jambo likapelekwa kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo limewekwa na sheria ya mwaka 1999, na shamba likabaki.

Ningependa kusema kwamba mwovu aliaibika. Haikuwa hivyo. Watu waliendelea kumpisha kiti msibani. Shangazi naye alirudishiwa shamba, lakini hakurudishiwa yote. Mpaka alipofariki, kila usiku aliuliza mara tatu, "Ni kweli nimeufunga mlango?" Mwizi wa korosho hulipa korosho. Aliyeiba imani ya mtu juu ya macho yake hana chombo cha kurudishia.

Pana hatari upande wa pili pia. Usahaulifu wa wazee ni maradhi ya kweli, wala si kila amwuguzaye mzee ni mlaghai. Wako watoto wema wanaodhaniwa vibaya na mama zao wenyewe kwa sababu ya maradhi hayo. Kwa hiyo nimejiwekea mizani nyepesi. Mtu akisema mwenzake amerukwa na akili, namtazama anampeleka wapi. Akimpeleka hospitali, namsaidia kumshika mkono. Akimpeleka kwa mnunuzi, naomba kuiona hati.

Mizani hiyo haifai kitu kama jirani hasemi. Katika Gaslight mke hapati nafuu kwa kufungwa kwa mumewe tu. Nafuu yake huanza pale mtu wa nje anapoingia chumbani, akazitazama taa, akasema naam, zinafifia. Miji yetu midogo ina adabu nyingi, na moja ya adabu hizo ni kutoingilia nyumba ya mtu. Adabu hiyo ni njema kwa kadiri yake, lakini chini ya kivuli chake watu hupoteza akili zao mchana kweupe, huku sisi tukiulizana habari za shamba. Ukiona, sema umeona. Huenda ndilo neno pekee analolingoja mtu yule.