Maradhi ya Ini na Dhana Zetu

Yuko mtu mmoja tuliyemdhulumu kwa dhana, na kwa kuwa hatuwezi tena kumtaka radhi, twaona ni haki habari yake tuitaje hapa.

Alikuwa mwalimu mwenzetu wa chuoni, tukisomesha pamoja miaka kumi na minne. Alipopita umri wa arubaini alianza kukonda. Macho yakageuka manjano, kisha tumbo likajaa maji. Daktari akasema ni saratani ya ini. Hapo mtaani likaenea neno moja tu: ini haliharibiki hivyo ila kwa pombe. Nasi tuliosali naye safu moja hatukulikanusha. Zaidi ya hayo, tulikihofu kikombe chake. Akitukaribisha uji, twasema tumekwisha kula. Mwisho akaacha kutukaribisha. Alifariki mwezi wa Shaabani.

Baadaye mtoto wa ndugu yetu, ambaye ni muuguzi, alitusikia tukiizungumza habari hiyo. Akauliza, "Ami, nani aliyemwona akinywa?" Hatukuwa na jibu, na sisi ndio tuwafundishao watoto wajiepushe na dhana mbaya! Ndipo akatueleza kazi ya Daktari Palmer Beasley, nasi tukamtaka aende polepole, kwani shule yetu iliishia ya msingi.

Beasley, aliyefariki mwaka 2012, alikuwa Mmarekani aliyefanya kazi Taiwan. Virusi vya homa ya ini aina ya B vilikuwa vimekwisha julikana. Alama yake katika damu aliivumbua Daktari Baruch Blumberg, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1976. Lakini kwamba virusi hivyo ndivyo viletavyo saratani ya ini, wengi hawakuwa wamekubali. Beasley akawapima damu wanaume 22,707 watumishi wa serikali, akawafuatia mwaka hata mwaka. Waliokutwa na virusi walikuwa 3,454. Alipoitangaza hesabu yake mwaka 1981, watu 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na katika hao 40 walitoka katika wale 3,454. Katika wengine wote, zaidi ya 19,000, alikufa mmoja. Hesabu hii hata sisi twaifahamu.

Yeye na wenzake, miongoni mwao mkewe, Daktari Lu-Yu Hwang, walionyesha pia kwamba watoto wengi huambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huvishinda virusi. Mtoto mchanga akiambukizwa, katika kila kumi karibu tisa hubaki navyo, na huenda wakakaa miongo ya miaka bila kuhisi lolote. Basi yamkini mwenzetu alizaliwa nao ugonjwa ule. Taiwan ilianza kuwachanja wachanga mwaka 1984, na utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kuwa saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu nusu.

Kikombe tulichokikataa hakikuwa na neno. Virusi hivi haviambukizi kwa sahani wala kwa kupeana mikono. Hupita kwa damu, kwa uzazi na kwa tendo la ndoa. Cha kuogopwa kilikuwa wembe, nao hatukuuogopa: wembe mmoja wa kinyozi umepita vichwa vingi mbele ya macho yetu, na kisu kimoja cha ngariba watoto wangapi! Ama chanjo, imo katika sindano wapewazo watoto wa Kenya na Tanzania wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi asiiache hata moja.

Tulikwenda kwa mjane pamoja na yule muuguzi. Hakutulaumu, alisema tu kwamba marehemu alikuwa akiviona vikombe vikirudi vimejaa. Yeye na watoto walikubali kupimwa. Wasiokuwa na virusi wamechanjwa. Kijana wa kwanza, mwenye miaka kumi na tisa, amekutwa navyo. Dawa za kuvizuia zipo, ila daktari aona kwa sasa hazihitaji. Amemtaka aangaliwe ini kila miezi sita. Zamu yake ni mwezi ujao, nasi tumemwahidi kufuatana naye hospitalini.