Luena: Jasho Hili Linatoka Wapi?

Kama unatoka Lubumbashi kwa treni, ukapita Likasi, Tenke na Lubudi, utasikia hewa inageuka mbele ya kufika Luena. Lubumbashi iko juu, karibu meta 1.200. Hapa njia inashuka kuelekea Bukama na muto Lualaba, pahali reli ilifika mwaka wa 1918. Koti uliyovaa asubuhi ya mwezi wa 6 kule juu, huku utaikunja na kuitia ndani ya sanduku.

Luena ni muji wa makala ya mawe. Wakati wa Wabelgiji yalichimbwa juu ya viwanda vya Katanga, na watu wakakuja kutoka pande nyingi kutafuta kazi. Tangu mwaka wa 2015 muji huu uko ndani ya jimbo la Haut-Lomami, ambalo muji wake mukubwa ni Kamina. Nyumba za mabati zinachemka muchana, na usiku zinabakia na joto. Katika pahali sawa hapa, nani atashangaa kuona jirani yake amelowa jasho?

Ndiyo sababu nataka tuzungumze juu ya jasho. Kuna watu kati yetu ambao munganga aliwaambia kwamba tezi yao ya shingo imelegea. Wanakunywa kinini kila siku. Halafu wanaanza kutoka jasho kupita wengine wote, shuka linalowa, mikono inateleza wakati wa kusalimiana. Wanasema, “Ni ile tezi tu.” Wengine wanasema, “Ni kinini, nikitupe.” Ndugu, ngoja kwanza.

Tezi ni sawa mulango wa mbabula

Tezi hii inakaa mbele ya shingo, na umbo lake ni kama kipepeo. Inatia ndani ya damu dawa ya mwili wenyewe, inayoambia kila kiungo kifanye kazi kwa mwendo gani. Fikiri mbabula ya jikoni. Ukifunga mulango wake mudogo wa hewa, makala yanawaka pole pole. Tezi ikilegea, mutu anasikia baridi hata wakati wengine wanatafuta kivuli. Anachoka, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, uso unavimba, mwili unaongezeka uzito.

Umeona? Tezi yenye kulegea kwa desturi inapunguza jasho. Haileti jasho jingi.

Mwaka wa 1891, munganga George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimutunza mama mumoja wa miaka 46 kwa maji yaliyotoka katika tezi ya kondoo. Ngozi yake ilikuwa kavu. Kisha miezi kidogo ngozi ililainika, na akaanza kutoka jasho wakati wa kutembea. Mama yule aliishi miaka 28 tena. Kwa hiyo, kama ulikuwa mukavu na sasa unatoka jasho la kiasi, pengine moto wa mbabula umerudi tu. Ni habari njema.

Lakini jasho likipita kiasi, linatafutiwa sababu yake.

Tupite sokoni

Mbele ya kwenda kwa munganga, tuzunguke kidogo sokoni. Utaona unga wa mihogo, sombe, samaki wa maziwa ya Upemba, na chumvi. Tezi inahitaji iyode, kitu kidogo sana, lakini mvua ya miaka mingi imekiosha kutoka udongo wa inchi nyingi zilizo mbali na bahari. Kikikosekana, tezi inavimba shingoni. Ule uvimbe unaitwa goita.

Congo yetu imefundisha dunia jambo hili. Kwa kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, wataalamu waliona kwamba iyode ilikosekana pande zote, lakini goita ilikuwa nyingi kaskazini na kidogo kusini-magharibi. Sababu moja waliyoipata ni mihogo isiyotengenezwa vizuri. Sumu yake inazuia tezi isipokee iyode kidogo iliyoko. Kwa hiyo mama zetu wanaotia mihogo ndani ya maji siku 3 ao 4, wakaianika muzuri kwa jua, wanafanya kazi kubwa. Usiwaharakishe.

Ununue chumvi yenye iyode, uifunike, isikae juani, na uitie wakati chakula kinakaribia kuiva. Mama mwenye mimba anahitaji iyode kupita wengine, kwa sababu akili ya mutoto inajengwa nayo. Lakini ujue: kwa mutu mwenye tezi ambayo mwili wake wenyewe umeiharibu, ao iliyokatwa na munganga, chumvi haitoshi. Huyo anahitaji kinini chake.

Jasho jingi linaweza kutoka wapi?

Kwanza, kinini kimezidi. Dawa hii, levotiroksini, ikipita kipimo, inafungua mulango wa mbabula kupita kiasi. Jasho linatoka, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, mwili unakonda.

Pili, malaria. Jasho pamoja na homa na baridi, pima damu siku ile ile.

Tatu, kifua kikuu, zaidi katika miji yetu ya machimbo na vumbi. Kama unalowesha shuka kila usiku, unakohoa kupita majuma 2 na kukonda, nenda upimwe makohozi. Dawa za ugonjwa huu zinatolewa bure katika inchi yetu.

Nne, mama aliyefika miaka ya kukoma kwenda mwezini. Joto linapanda ghafula mpaka kichwani, kisha jasho.

Tano, mutu wa ugonjwa wa sukari ambaye sukari yake imeshuka. Anatetemeka, anasikia njaa, anatoka jasho baridi. Apewe kitu cha sukari upesi.

Tena kuna mahangaiko ya roho, mwili muzito, na joto la Luena lenyewe. Lakini jasho pamoja na maumivu ya kifua ao kukosa pumzi, usingoje asubuhi. Nenda hospitali.

Usitupe kinini

Kuna wanaosema goita ni uchawi wa jirani. Na kuna mugonjwa anayeambiwa, “Umekwisha kuombewa, tupa vinini.” Sisi tunaomba, na tutaendelea kuomba. Lakini sikiliza namna dawa hii inavyofanya. Inatoka mwilini pole pole: kisha juma moja, karibu nusu yake ingali ndani. Anayeiacha leo hasikii kitu kesho, anashuhudia kwamba amepona. Majuma yanapita, baridi inarudi, uso unavimba, na siku moja hawezi kuamka kwenda shambani. Kama kinini kimezidi, munganga anakipunguza. Mugonjwa hakiachi mwenyewe.

Najua kusema “nenda upimwe” ni neno jepesi, na njia ni nzito. Labo nyingi ndogo hazina kipimo cha tezi, na Lubumbashi ni mbali. Mwezi wa 3 mwaka wa 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke ilianguka karibu na Lubudi, na watu zaidi ya 60 waliopanda juu yake walikufa. Basi usisafiri ovyo. Uliza kwanza kwa kituo chako kama damu inaweza kutumwa. Kama kipimo cha kinini kimegeuzwa, ngoja majuma 6 mpaka 8 ndipo upimwe tena, kwa sababu mbele ya hapo labo haitakuonyesha kweli. Familia ziweke feza kidogo kidogo juu ya safari hiyo moja.

Mambo ya kila siku nyumbani

Kunywa kinini asubuhi na maji matupu, nusu saa ao saa moja mbele ya chai. Vinini vya kuongeza damu, vile mama wa mimba wanapewa, vikae mbali nacho kwa saa 4, maana vinakizuia. Kisiwekwe karibu na mabati ao dirishani. Tafuta pahali pa baridi na pakavu.

Juu ya jasho: vaa nguo za pamba zisizobana, koga mara 2 kwa siku, kausha vizuri kwapa na katikati ya vidole ili vidonda visiingie. Kunywa maji mara nyingi. Kazi nzito ya shamba ifanywe alfajiri.

Na ninyi vijana, musicheke mutu wa koro ambaye shati lake limelowa. Mukaribishe karibu na dirisha, mumupe maji. Kisha mumuulize kwa upole kama amekwisha kupima, na kama hana mutu wa kumusindikiza, mumoja wenu aende naye.